Taa ya Tatu Kutoka Langoni

Picha yangu ya kwanza ya bustani usiku ilitoka kama mchana mgonjwa. Nyasi zilionekana jani kwa jani, benchi lilionekana hadi misumari yake, anga lilikuwa na rangi ya tofali la kuchoma, na kila taa ilikuwa tundu jeupe lisilo na kitu ndani. Nilikuwa nimeiachia kamera iamue yenyewe, nayo ikaamua: sekunde 8 za kuingiza mwanga, tundu la lenzi f/4, wepesi wa kuhisi mwanga ISO 800. Nilipoitazama palepale nilifurahi, maana kila kitu kilionekana. Nilipofika nyumbani nikaifungua kwenye kompyuta na kujiuliza: sasa usiku wenyewe umekwenda wapi?

Kamera haikukosea. Kipimamwanga chake kinajua jambo moja tu, kwamba chochote kilicho mbele yake sharti kiwe kijivu cha katikati. Ukikielekeza kwenye ukuta mweupe, kitautia kijivu. Ukikielekeza kwenye giza, kitalivuta giza hilo mpaka nalo liwe kijivu. Hakijui kwamba ni saa tatu usiku, wala kwamba nilikuwa nimefuata giza hilohilo linalofutwa. Basi nikaanza kupunguza. Hatua moja, yaani nusu ya mwanga. Hatua mbili, yaani robo. Hapo kioo cha nyuma ya kamera kikanidanganya kwa upande wa pili: macho yakishazoea giza, kioo kile huwaka kama taa ya gari, na picha iliyofifia huonekana imeiva. Usiku ule nilirudi nyumbani na picha thelathini na kitu, zote nyeusi tii. Tangu siku hiyo nimepunguza mwanga wa kioo hadi mwisho na kusoma histogramu badala ya picha, yaani ile grafu ya kamera inayopanga mwanga wa picha kutoka giza, kushoto, hadi weupe, kulia. Histogramu haina mapenzi na mtu.

Bustani yenyewe si kubwa. Ina njia moja kuu iliyopinda, taa pande zote mbili, mabenchi, na mti mkubwa ambao matawi yake yameifunika taa ya tatu ukihesabu kutoka langoni. Taa nyingine zinamwaga mwanga chini kama maji kwenye sahani, duara baada ya duara. Ile ya tatu mwanga wake unapita kwanza kwenye majani, kisha unaanguka njiani vipande vipande. Kwa miezi kadhaa sikupiga kitu kingine cha maana.

Nilianza na tatizo la rangi. Kila picha ilikuwa ya chungwa, majani yakiwa kahawia kama yamekauka. Nikajaribu kurekebisha mizani ya weupe, yaani kuiambia programu nyeupe ni ipi: nikashusha kipimo chake, Kelvini, hadi 2000, mwisho kabisa wa programu yangu, chungwa likapungua lakini kijani hakikurudi. Nikavuta kijani kwa nguvu, nyasi zikawa na rangi ya rangi ya ukuta. Nilidhani ni uzembe wangu wa kuhariri. Kumbe nilikuwa natafuta kitu ambacho hakikuwahi kuingia kwenye lenzi.

Taa zile zilikuwa za sodiamu, metali ambayo mvuke wake ndio unaotoa mwanga. Zipo za namna mbili. Za shinikizo dogo hutoa karibu rangi moja tupu, njano yenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, na chini yake ulimwengu wote ni njano hafifu na njano kali. Shati jekundu na shati la bluu hutofautiana kwa uzito tu. Za shinikizo kubwa, kama zile za kwetu bustanini, zina upana kidogo zaidi, lakini bluu na kijani ni chache mno. Jani huonekana la kijani kwa sababu hurudisha mwanga wa kijani unaolifikia. Usipolifikia, halina cha kurudisha. Mizani ya weupe inaweza kugawa upya rangi zilizopo. Haiwezi kuumba isiyokuwepo.

Njia niliyoitumia kuzitambua taa ni ya kitoto, na bado naipenda. Chukua sidii ya zamani, itazame upande unaong'aa huku taa ikijiakisi humo, uigeuzegeuze taratibu. Taa ya LED nyeupe itakuonyesha upinde wa mvua ulioungana, bluu ikiwa kali kuliko nyingine. Taa ya zebaki itakuonyesha mistari iliyoachana, zambarau, kijani, njano, na mapengo kati yao. Sodiamu ya shinikizo dogo itatoa mstari mmoja wa njano, basi. Nilizunguka bustani nzima na sidii mkononi kama mganga, nikagundua kwamba kwenye choo cha umma kulikuwa na taa za namna tatu ndani ya hatua kumi. Ndiyo maana picha nilizopiga upande ule hazikukubali marekebisho yoyote: nikinyoosha rangi ya taa moja, nyingine inapinda. Mahali kama pale sasa naamua mapema nani awe mkubwa. Nachagua taa inayoangukia kile ninachokipiga, naipa mizani yake, nyingine naiacha iwe na rangi yake ya ajabu. Au nageuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, na sioni aibu.

Sodiamu ina mtego mwingine ulionigharimu usiku mwingi. Histogramu niliyokuwa nikiisoma ilikuwa ile moja ya jumla, na ilikuwa ikiniambia kila kitu ni salama. Lakini mwanga wa chungwa hujaza chaneli nyekundu ya picha kabla ya zile za kijani na bluu. Nyekundu ilikuwa imekwisha kuungua huku wastani ukionekana mzuri, na kila mahali ambapo njia ilitakiwa kuwa na mchanga wenye punje palikuwa na bapa la chungwa lisilo na punje hata moja. Kamera nyingi zina histogramu ya rangi tatu, kila moja peke yake. Iwashe hiyo, utazame nyekundu, kisha upunguze hadi itoke kwenye ukuta wa kulia. Na piga faili za RAW, zinazohifadhi kila kamera ilichokusanya. JPEG, ile ambayo kamera imekwisha kuihariri na kuibana, ikishafungwa kwa mwanga wa sodiamu imefungwa.

Mlinzi wa usiku nilikutana naye wiki ya pili au ya tatu. Alisimama mbali kwanza, akinitazama. Kisha akaja.

"Kijana, unapima nini hapa? Wanataka kupitisha barabara?"

Nilikuwa nimeinama nyuma ya tripodi, na kweli ukiitazama kwa mbali nilifanana na mpima ardhi.

"Shikamoo, mzee. Sipimi kitu. Napiga picha tu."

"Marahaba. Picha ya nini, na giza lote hili?"

Nikamwonyesha. Akaitazama muda mrefu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: kwa nini nimeipiga taa ile wakati imeshakaa sawa. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba taa ya tatu ni mbovu, ina tabia zake. Huwaka, hukaa, huzimika yenyewe, ikishapoa huwaka tena, usiku kucha. Yeye huipima kwa raundi zake: raundi hii ameikuta inawaka, raundi ijayo ataikuta imezimika. "Ikianza kuwaka," alisema, "haiwi hivi. Inaanza kama ya waridi."

Nilikuwa nimekaa chini ya taa ile usiku kadhaa na sikujua. Nilikuwa naiona inazimika, nakasirika, nakunja tripodi, nakwenda kwenye taa nyingine.

Baadaye nilisoma sababu yake. Taa ya sodiamu ya shinikizo kubwa inapozeeka, volti inayohitaji ili kuendelea kuwaka hupanda. Inapowaka na kupata moto hupanda zaidi, mpaka kifaa kinachoilisha umeme hushindwa kuishikilia, ikazimika. Ikipoa, inawaka tena. Na katika dakika za mwanzo sodiamu haijawa mvuke wa kutosha, kwa hiyo mwanga huanza ukiwa hafifu na mweupe wa waridi, unapita kwenye njano kali, ndipo unatua kwenye dhahabu ile tunayoijua. Safari yote huchukua dakika tatu hadi tano hivi.

Usiku uliofuata sikwenda popote. Taa ilipozimika nilibaki, nikiwa nimeshalenga na kufunga fokasi. Hapa niseme neno kuhusu fokasi: gizani usiitegemee ya kujiendesha, itakwenda mbele na kurudi kama mtu aliyesahau ufunguo. Lenga ukingo wa taa au ukingo wa benchi lililo umbali uleule, kuza kwenye kioo, zungusha kwa mkono, kisha iache kabisa. Taa ilipowaka nikaanza kupiga, picha baada ya picha, kila moja sekunde 15, f/8, ISO 100. Ya kwanza ilikuwa karibu nyeusi, yenye weupe wa baridi kwenye majani ya juu tu. Ya nne au ya tano majani yalikuwa na rangi ambayo sijui niiteje, kijivu chenye waridi, na vivuli vyake njiani vilikuwa laini. Ya kumi ilikuwa picha ileile niliyokuwa nikiipiga kila siku.

Nilipiga mzunguko huo mara nne usiku ule. Katika kila mzunguko kulikuwa na dirisha la kama dakika moja.

Jambo moja nililolipata kwa bahati katika kungoja kule ni macho yangu mwenyewe. Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza sawasawa. Nilipokuwa nikihama taa kwa taa na kuchungulia simu kila mara, nilikuwa nikiianza hesabu hiyo upya bila kujua. Nilipokaa, simu mfukoni, bustani ilifunguka: mteremko wa nyasi nyuma ya mti, uzio wa mbali, sura ya mti mwenyewe dhidi ya anga ambalo katika jiji halipati kuwa jeusi kabisa. Na taa ikiwa imezimika, majani yaliong'aa zaidi kidogo kuliko maua mekundu yaliyo chini yake, ingawa mchana maua ndiyo yanayokurukia. Hilo nalo lina maelezo yake: gizani tunaona kwa seli nyingine za jicho, ambazo nyekundu karibu haziioni kabisa. Mwanasayansi Mcheki, Purkyně, aliligundua katika karne ya 19, akitazama maua alfajiri. Kamera haina tabia hiyo. Ikipiga gizani, nyekundu inabaki nyekundu, na ndiyo maana picha ya sekunde 30 inaweza kuwa sahihi kwa kipimo na isifanane hata kidogo na ulichokiona. Mimi hupunguza nyekundu za kwenye vivuli kwa mkono. Wengine watasema ni udanganyifu. Sawa.

Mambo ya vifaa sitayakalia sana. Tripodi nzito kuliko unavyopenda kuibeba. Zima kitulizaji cha lenzi kamera ikiwa kwenye tripodi, maana katika baadhi ya lenzi hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuleta. Tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole chako kisiwe ndani ya picha. Vua kichujio cha kulinda lenzi. Nilipoteza wiki nzima nikidhani lenzi yangu ina ugonjwa kwa sababu kila taa ilikuwa na mzimu wake wa kijani upande wa pili wa picha, umegeuka juu chini, kumbe ni mwanga unaorudi kutoka kwenye kichujio kile. Miale ya nyota kwenye taa huja ukibana tundu la lenzi, f/11 au f/16, na idadi yake hutokana na mabapa ya tundu: yakiwa shufwa miale ni idadi ileile, yakiwa witiri ni mara mbili. Langu lina mabapa saba, nyota zangu zina miale kumi na minne. Nilizipenda sana kwa mwezi mmoja. Siku hizi nikiziona nyingi kwenye picha moja naona kelele.

Rafiki yangu mmoja, mtu mzima, bado hupiga usiku kwa filamu, na hesabu zake ni nyingine. Filamu huchoka mwanga ukiwa mdogo: kipimo kikisema sekunde 10, yeye kwa filamu anayoitumia hutoa 30, na yote ameyaandika kwenye daftari. Alinisimulia habari za Brassaï, aliyepiga Paris usiku katika miaka ya 1930, kwamba alikuwa akipima muda kwa sigara, aina moja kwa mwanga fulani na nyingine, nene zaidi, kukiwa na giza zaidi. Mimi sivuti. Huhesabu pumzi.

Watu ndio walionisumbua kuliko taa. Katika sekunde 20 mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida hukata karibu mita 28, kwa hiyo hapiti kwenye picha; anafutika. Mwanzoni niliona ni baraka. Bustani yangu ilikuwa tupu, safi, kama ya kwenye kadi. Kisha nikaanza kuona uongo wake, maana bustani ile usiku haikuwa tupu hata dakika moja. Nikapandisha ISO hadi 1600 na kushusha muda hadi sekunde 1. Chenga zikaongezeka, lakini watu wakarudi, wakiwa na miguu ya moshi na vichwa vinavyotambulika kidogo. Mtu akisimama kuangalia simu anatoka mzima, na uso wake una mwanga wa bluu peke yake katikati ya chungwa lote.

Waliokaa ni habari nyingine. Usiku mmoja nilifungua picha nyumbani na kuwaona wawili kwenye benchi la mbali, ambao gizani sikuwa nimewaona kabisa. Kamera iliwaona. Walikuwa wamekaa kimya vya kutosha hadi nyuso zao zikatoka wazi, na mmoja alikuwa analia, au alikuwa amefunika uso, sikukuza zaidi. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote za wiki ile. Nikaifuta. Tangu hapo, kabla ya kubonyeza, huzunguka kwanza hadi mwisho wa njia na kurudi, nione nani yuko wapi, nao wanione mimi na tripodi yangu. Anayeondoka nimwache aondoke.

Anayekubali kupigwa, usimsimamishe chini ya taa. Taa iliyo juu ya kichwa huchimba macho yakawa mashimo, hata awe mzuri vipi. Mrudishe hatua tatu au nne, ageukie taa, mwanga umwingie kwa mshazari. Atakuwa amepoteza mwanga mwingi, na wewe utaongeza muda, ila atakuwa na macho. Akiwa amesimama kwenye njia ya rangi nyepesi, njia yenyewe itamrudishia mwanga kidogo chini ya kidevu. Flashi niliijaribu mara moja. Ilimtoa bustanini na kumweka mbele ya pazia jeusi.

Kitu kimoja nilichelewa kukijua kwa ukaidi tu: saa. Nilikuwa nakwenda saa tatu, saa nne, kwa sababu ndio usiku. Lakini kuna muda mfupi baada ya jua kuzama ambapo anga bado lina bluu na taa zimekwisha kuwaka, na vyote viwili vina uzito unaokaribiana. Mapema zaidi taa ni vidoa tu. Ukichelewa, anga ni bapa. Jua likishuka nyuzi 6 chini ya upeo, muda huo umekaribia kwisha. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, hivyo mahali jua linapozama wima, karibu na ikweta, kipindi chote ni dakika ishirini na chache; penye jua linaloshuka kwa mshazari ni kirefu zaidi, na mbali sana kaskazini au kusini majira ya joto kinaweza kudumu usiku kucha. Kwa vyovyote vile dakika zenye thamani ni chache kuliko ulivyopanga. Ukifika anga likiwa limeshakuwa zuri, umechelewa. Utakuwa unafungua miguu ya tripodi wakati picha inapita. Kosa hilo nimelifanya mara nyingi sana kiasi kwamba sina haki ya kumshauri mtu.

Na mvua. Mvua ikiisha, nenda. Njia huwa kioo, kila taa inakuwa mbili, na mwanga uliokuwa ukimezwa na lami kavu unaanza kutembea.

Kisha mafundi walianza kubadilisha taa za sodiamu na kuweka za LED, wakitokea upande wa nyuma wa bustani. Kila nilipokwenda nilikuta dhahabu imerudi nyuma na weupe umesogea. Kwa muda bustani ilikuwa nusu kwa nusu, na hizo ni picha ambazo mpaka leo sijaweza kuzihariri nikaridhika, ingawa sizifuti. Taa mpya nazo zilikuja na mafunzo yake. Nilijaribu kumpiga mkimbiaji kwa 1/500 ya sekunde chini ya mojawapo, picha kumi mfululizo, na kila moja ikatoka na ung'avu wake, nyingine zikiwa na michirizi ya giza ya kulala. Umeme wa hertsi 50 hupepesa taa mara 100 kwa sekunde. Baadhi ya taa za LED huufuata mpepeso huo, na shata ya haraka hukamata kipande tu cha wimbi. Nikashusha hadi 1/100 michirizi ikatoweka, na mkimbiaji akawa moshi kidogo. Penye hertsi 60 itakuwa 1/120.

Nilimkuta mzee amesimama chini ya taa ya tatu usiku uliofuata baada ya taa hiyo nayo kubadilishwa. Ilikuwa nyeupe na imetulia. Majani ya mti yalikuwa ya kijani, kijani chenyewe kabisa. Ilikuwa mara ya kwanza kuuona mti ule ukiwa na rangi yake usiku. Nilisimika tripodi mahali palepale, nikaweka mizani ya weupe kwenye Kelvini 4000, nikalenga.

"Nimeingojea tangu saa mbili," mzee alisema. "Haizimiki."

"Ni mpya, mzee."

"Haina tabia."

Akaendelea na raundi yake. Nikapiga sekunde 15, f/8, histogramu ikagonga ukuta wa kulia. Nikashusha hadi sekunde 8, nikaanza kuhesabu pumzi upya.